Picha ni Shahidi, Iulizwe

Wako watu wasemao kwamba picha haihitaji maelezo. Mwenye macho ataona. Napinga neno hili, nakuomba, msomaji, ulipinge nawe.

Zitazame picha za rangi za maji za Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 katika dola ya Austria na Hungaria. Mnamo mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya, watu wa pwani wakiwamo. Kazi ilidumu miaka kama sita, picha zikatimia mamia, na baadhi zikatiwa katika kitabu chake, The Peoples of Kenya, cha mwaka 1967.

Kijana wa Diani au Msambweni akikifungua kitabu hicho huona watu waliovikwa shanga na mapambo ya kale, nyuma yao hapana nyumba wala shamba. Husema, "Kumbe hivi ndivyo walivyoishi wazee wetu!" La, hasha! Kazi ile ilikusudiwa kuhifadhi mavazi na mapambo yaliyokuwa yakitoweka. Na kitowekacho si cha kila siku. Mchoraji alitafuta kilicho adimu, nasi twakisoma kana kwamba ndicho kilichoenea.

Miaka ile Wadigo wengi walikuwa Waislamu, wavaao kanzu na leso. Huko Ramisi watu walikuwa wakitoka jasho katika mashamba ya miwa. Tena, Oktoba 1952, serikali ile ile iliyoagiza picha ilitangaza hali ya hatari, ikawatia maelfu ya Wakenya kizuizini. Hayo utayatafuta pichani usiyaone. Mwafrika wa jana, aliyetulia karatasini, alipendeza kuliko wa leo aliyedai haki yake.

Mtu atasema, basi picha hizi zitupwe. Sisemi hivyo. Mkono uliozichora ni hodari, na kumbukumbu zake zina thamani. Lakini shahidi hodari naye huulizwa: Nani alikutuma? Mwaka gani? Ulichorwa utazamwe na nani? Umeacha nini?

Wahenga walinena, vyaelea vimeundwa. Picha nayo imeundwa. Kwa hiyo, kabla hujaiamini, isome tarehe yake, kisha uipeleke kwa wazee wa Kwale, uwaulize pambo lile lilivaliwa na nani, na siku gani. Majibu yao ni nusu ya picha ambayo mchoraji hakuichora.