Kompaila ya Kuazima Haisitiri

Chipu mpya ikitua mezani, kampuni iliyoiuza huja na zawadi: faili kubwa la zipu lenye kompaila iliyokwisha kujengwa, skripti kadhaa na nakala ya keneli ya Linux iliyojaa viraka. Unabonyeza, taa ya ubao inawaka, bosi anatabasamu. Mimi nasema zawadi hiyo ni mtego.

Keneli ni maandishi tu. Mpaka kompaila iyageuze kuwa maagizo ambayo chipu inayaelewa, huna mfumo wa uendeshaji. Una insha ndefu. Basi anayeshika kompaila ameshika kila kitu. Mwaka 2021, Linux 5.15 iliacha kukubali GCC iliyo chini ya toleo la 5.1. Kama ya kwako ni ya zamani kuliko hiyo, na aliyekupa ameshahamia kwenye chipu nyingine, utabaki na keneli kuukuu na matundu yake ya usalama.

Na utaiaminije? Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alieleza jinsi kompaila inavyoweza kupandikiza mlango wa siri ndani ya programu, na msimbo ukiusoma herufi kwa herufi usione kitu.

Tazama njia ya RISC-V, usanifu ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. GCC iliupokea rasmi mwaka 2017. Linux 4.15 ikafuata Januari 2018. Zana kwanza, keneli baadaye. Ndiyo maana leo mwanafunzi asiye na hata ubao mmoja wa RISC-V anaweza kujenga keneli yake kwenye kompyuta ya kawaida, akaijaribu ndani ya QEMU, bila kumwomba mtu ruhusa.

Wapo watakaosema kazi inakabidhiwa wiki ijayo. Sawa, tumia faili la kampuni kuhakikisha kwamba ubao ni mzima. Lakini usijenge nyumba juu yake. Wengine watataka tubishane GCC au Clang, kama Simba na Yanga. Linux hujengwa kwa zote mbili, na zote msimbo wake uko wazi. Ubishi wa maana ni mmoja: miaka mitano ijayo, nani ataweza kuujenga mfumo huu upya bila kupiga magoti?

Kwa hiyo kabla hujaandika dereva hata moja, chukua kompyuta tupu. Pakua msimbo wa kompaila, uijenge, kisha itumie kujenga keneli. Andika kila hatua ili mwenzako airudie bila kukupigia simu. Ikishindikana, usijidanganye kwamba umehamisha mfumo. Umepanga chumba tu, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli usiku wowote.