Si Bahati, Ni Mkono

Liko neno moja lililoenea kando ya maji kuliko magugu, nalo ni neno bahati. Mtu akirudi na samaki watano husemwa kuwa ana bahati. Akirudi na kikapu kitupu husemwa kuwa hana. Neno hili ni tamu kwa watu kwa sababu halimtwiki mtu mzigo wowote. Aliyeshindwa halazimiki kujiuliza alifanya nini, na aliyefaulu halazimiki kumfundisha mwenziwe. Katika kurasa hizi, ewe kijana usomaye, nakusudia kulipinga neno hilo, na kulipinga pale linapojificha zaidi kuliko mahali pengine pote: katika kitambo kifupi baina ya samaki kukidaka chambo na mvuvi kuuvuta mshipi.

Chukua mfano wa Kulesa, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, jirani na Garsen. Mto huu ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita nyika kavu, kisha huingia katika uwanda wa chini unaokwenda hadi Bahari ya Hindi. Katika uwanda huo mto hupindapinda, na mara kwa mara huacha njia yake ya zamani na kujikatia mpya. Njia zilizoachwa hubaki kuwa maziwa yenye umbo la mundu, na kandokando yake hukaa vinamasi vyenye matete. Humo wamo perege, kambare, na kamongo, yule samaki wa ajabu mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka huweza kujizika katika tope akaishi hata mvua irudi. Kambare na kamongo ni walaji wa nyama. Kambare hapuuzi chura anayeogelea juu ya maji wakati wa machweo, na kwa hiyo chura, au kitu laini kilichofanywa mfano wa chura, ni chambo kizuri cha kumwitia.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mvuvi ametupa chambo chake karibu na matete. Maji yametulia. Ghafla maji yanapasuka kwa kishindo, mvuvi anashtuka, anaurusha ufito wake nyuma kwa nguvu zake zote, na chambo kinamrudia usoni. Samaki hayupo. Basi anageuka na kusema, "Sina bahati leo." Lakini bahati imeingiaje hapa? Kambare alikuwapo, alikuwa na njaa, na alikuja mwenyewe. Kilichokosekana ni elimu ya kitambo kimoja tu.

Kambare hana mikono ya kushikia. Anapotaka kula hufungua kinywa chake kipana kwa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu, na chakula kikachukuliwa na maji hayo. Chakula kikiwa ndani ya maji, jambo hili hutimia upesi. Lakini chambo kinachoelea kina nusu yake hewani. Maji humezwa, chambo chaweza kubaki juu, na samaki hulazimika kurudia, au kukidaka kwa ncha ya midomo na kukivuta chini kabla ya kukigeuza ndani ya kinywa. Kishindo usikiacho, basi, si sauti ya kinywa kufumba. Ni sauti ya samaki kushambulia. Anayevuta kwa kusikia kishindo anavuta kabla ya mlango kufungwa, kisha analalamika kuwa mgeni ametoka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usivute kwa sikio, wala usivute kwa jicho, vuta kwa uzito. Maji yakipasuka, nyamaza. Shusha ncha ya ufito wako uelekee kwa samaki. Kusanya mshipi uliolegea, polepole, bila ya kumshtua. Mshipi utaanza kwenda wenyewe, aghalabu kando au chini, nawe utasikia mkononi uzito ulio hai. Hapo ndipo wakati wako. Vuta mara moja, kwa mkono wote na bega, kuelekea upande usio ule anaokimbilia samaki; na ukisha kuvuta usilegeze. Mvuto wa nusu ni mbaya kuliko kutovuta, kwa kuwa hutoboa ngozi bila ya kushika, na samaki huenda zake na jeraha.

Wako watakaonijibu kwa methali, na methali yao ni ya kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo. Watasema kuwa mvuvi akikaa mno, samaki hutema chambo, au hukimeza hata tumboni. Naam, nakubali. Lakini methali hiyo hainipingi mimi; humpinga mtu asinziaye. Sikusema ngoja bila ya kikomo. Nimesema ngoja mpaka uzito ufike mkononi, na ukifika usingoje tena hata kidogo. Samaki aliyeachiwa ndoana ikafika tumboni huwa ameumizwa vibaya, na akiwa ni mchanga anayestahili kurudishwa majini, kumrudisha hakumfai kitu. Aliyenaswa pembeni mwa mdomo hufunguliwa upesi na kuendelea kuishi. Kuna makosa mawili basi, si moja: kosa la mwenye pupa na kosa la mvivu. Kwa mwenye pupa tuna methali nyingine: mkamia maji hayanywi. Hekima ya uvuvi imekaa kati ya methali hizi mbili, na nafasi iliyo kati yake ni ndogo kama kupepesa macho. Ndiyo sababu inataka mazoezi.

Wako wengine watakaolaumu vyombo. Hawa nawasikiliza kwa makini zaidi, kwa maana pengine wana haki. Ndoana butu humfanya mtu hodari aonekane mjinga. Kichwa cha kambare ni mfupa mtupu, na ncha isiyokuwa kali huteleza juu yake kama mguu juu ya mwamba wenye utelezi. Jaribu ncha ya ndoana yako kwa kuiweka juu ya ukucha bila ya kuikandamiza: ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Iliyo butu inolewe kwa tupa ndogo au kwa kinoo, na kazi hiyo haizidi dakika chache. Tena angalia mshipi. Uzi wa nailoni hunyumbuka. Ukiwa mrefu, sehemu kubwa ya nguvu zako huishia katika kuunyumbua uzi, na ndoana hupata masalio. Uzi uliosukwa haunyumbuki sana, hufikisha nguvu yote, na kwa sababu hiyo humwadhibu zaidi mwenye pupa. Lakini nakuuliza: yupi kati ya wanaolaumu ndoana aliyeinoa jana? Akiwapo, ana haki ya kulaumu. Asiyeinoa na ajilaumu mwenyewe.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Mto Tana peke yake. Katika mwaka wa 1929 samaki aitwaye besi, mwenye kinywa kikubwa, aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha kwa ajili ya watu wavuao kwa kujifurahisha. Huko kwao Marekani wavuvi wa besi hutumia chura wa mpira aliye mtupu ndani, mwenye ndoana mbili zilizolala juu ya mgongo wake ili zisikamate majani. Ndoana hizo hazimpati samaki mpaka ameubana mpira huo kwa kinywa chake na kuubonyeza. Avutaye mapema humnyang'anya samaki chura ambaye bado hajabonyezwa, na hana la kutarajia. Hao ni watu wenye fito za thamani na mitumbwi yenye mashine, na bado hushindwa na lile lile limshindalo kijana mwenye ufito wa mti. Basi mali haikuondoa kosa hili. Huondolewa na mkono uliofunzwa.

Tena hofu nayo huvuta mshipi kabla ya wakati. Tana ni mto wa mamba na viboko. Mtu aliyesimama majini hata magoti hawezi kungoja kwa utulivu, wala haifai angoje hapo. Na asimame juu ya ukingo, mbali na maji, mahali anapoona pande zote, kabla giza halijaingia. Usalama wake utamlinda uhai, na utampa pia ule utulivu ambao nimeusifu.

Huenda ukauliza: kwa nini kuandika kwa ukali juu ya jambo dogo kama hili? Samaki mmoja akiponyoka, dunia imepungukiwa na nini? Hapa ndipo ninapokuomba usome kwa moyo wako wote, kwa sababu hapa ndipo penye hasara.

Kijana aaminiye bahati hachoki na bahati yake; huchoka na ndoana. Baada ya jioni kadhaa za kikapu kitupu huitupa na kusema kuwa ni chombo cha kizee. Kisha hutafuta chombo kisichotaka ujuzi, na chombo hicho hakiko mbali: ni chandarua cha mbu, kinachokokotwa katika maji ya kina kifupi penye matete. Chandarua hakina haja ya subira. Hakichagui. Huzoa perege mdogo kama kidole, kambare aliyetoka yaini juzi, na mayai yenyewe. Zaidi ya hayo, vyandarua vingi hutiwa dawa ya kuua wadudu, ya namna ifananayo na ile itokayo katika maua ya pareto, nayo ni sumu kali kwa samaki. Chombo kilichotolewa ili kimlinde mtoto asipatwe na malaria hugeuzwa kuwa chombo cha kumnyima mtoto huyo kitoweo cha kesho. Bandu bandu huisha gogo, na samaki wachanga ndio bandu za ziwa.

Na maziwa hayo hayana tena uwezo wa kusamehe kama zamani. Hujazwa na mafuriko ya mto. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, kisha Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, maji mengi ya mafuriko huzuiwa huko juu kwa ajili ya umeme, ambao nchi inauhitaji. Yapo mafuriko makubwa bado, kama yale ya mwaka 1997 na 1998, lakini yale ya kawaida ya kila mwaka yamepunguzwa, na ziwa lililokosa maji mapya hupungua samaki. Ziwa la namna hiyo likikokotwa kwa chandarua litajazwa tena na nani? Katika mwaka 2016 Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi, nayo imeharimisha namna za kuvua zenye kuangamiza, kama sumu na baruti. Ni sheria njema. Lakini sheria haiwezi kusimama juu ya kila ukingo kila machweo. Anayesimama hapo ni wewe.

Ndoana ni chombo chenye adabu. Humchukua mmoja na kuwaacha wengine. Humruhusu mvuvi kumtazama samaki, kumpima kwa macho, na kumrudisha akiwa mchanga. Ila adabu hiyo ina bei yake, nayo ni ujuzi. Mtu asiyetaka kulipa bei ya ujuzi, ziwa litamlipia. Na ziwa likisha kulipa, watalipa watoto wake.

Basi nenda kwa wazee wa kijiji chako waliovua kabla hujazaliwa. Wapo, nao hawakatai kuulizwa na kijana mwenye heshima. Usiwaulize kama wana bahati. Keti karibu uangalie mikono yao wakati maji yanapopasuka. Utaona kuwa mikono hiyo haishtuki. Hutulia, husikiliza, na hatimaye huvuta mara moja. Huenda mzee mwenyewe akasema kuwa ni majaliwa, kwa kuwa mtu mwema hajisifu. Msikilize kwa adabu, lakini yaamini macho yako.

Na siku samaki atakapokuponyoka, kama atakavyoponyoka, usiseme neno lile. Jiulize maswali matatu: Je, ndoana yangu ilikuwa kali? Je, mshipi wangu ulikuwa umekazwa? Je, nilivuta kwa uzito, au nilivuta kwa kishindo? Mmojawapo wa majibu hayo ndilo jina la kweli la kitu ulichokuwa ukikiita bahati. Lirekebishe, kisha tupa chambo chako tena.