Kinyozi, Nyoa Nywele. Shingo Yangu Iache

Wacha niseme mapema, kisha mnitukane mkitaka: kinyozi hana kazi na shingo yako. Kazi yake ni nywele na ndevu. Shingo ni kitu kingine kabisa, na vile tunaichezea hapa Voi, siku moja tutamlilia mtu.

Mnajua ninachosema. Ingia kinyozi yoyote, iwe Sofia, Kaloleni, Mwakingali ama pale karibu na stendi. Unanyolewa vizuri, unapanguswa, unapakwa spiriti, halafu kabla hujainuka inakuja ile mashini ya kutetema. Inaanzia mabegani, inapanda kisogoni, inazunguka mpaka chini ya sikio, wakati mwingine mpaka karibu na koo. Ikizimwa, mikono miwili: mmoja kwa kidevu, mwingine nyuma ya kichwa. "Legea, bosi." Ka! Kulia. Ka! Kushoto. Wenzako kwa benchi wanacheka, wewe unahisi kichwa kimekuwa chepesi, unaongeza hamsini ya asante.

Na siku hizi si kinyozi tu. Kuna zile mashini ndogo zenye umbo la bastola, kila mtu anaziagiza mtandaoni. Vijana wa jimu wanazo. Madereva wa trela wanaolala Maungu wanazo. Nyingine hupiga zaidi ya mara 2,000 kwa dakika moja. Kwa paja, sawa. Kwa mgongo kwenye nyama, sawa pia. Lakini msee anaichukua na kuisukuma kando ya koo kwa sababu "shingo imekaza", na kijikaratasi cha maelezo kilichokuja na hiyo mashini kimetupwa pamoja na boksi. Vingi vya hivyo vijikaratasi huwa vimeandika wazi usiiweke mbele ya shingo. Nani alisoma?

Sasa tuelewane shingo ina nini. Mishipa mikubwa minne inapeleka damu ubongoni kupitia hapo. Miwili iko mbele, mmoja kila upande wa koo. Hiyo ndiyo unaisikia ikipiga ukigusa pole pole kando ya koromeo. Miwili mingine iko nyuma, ni myembamba zaidi, na imepita ndani ya vitundu vya mifupa ya shingo yenyewe, kama waya wa stima uliopitishwa ndani ya paipu. Ikifika juu kabisa, chini ya fuvu, inapiga kona kadhaa kabla haijaingia kichwani. Na hapo hapo penye kona ndipo kichwa kinapozungukia. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo unatokea kati ya mifupa miwili ya juu. Kwa hivyo mtu akikuzungusha kichwa ghafla na kwa nguvu, mshipa unavutwa pale pale ulipopinda.

Ukuta wa mshipa una tabaka tatu. Tabaka la ndani likichanika, damu inapenya katikati ya ukuta, vile maji yanavyoingia chini ya rangi ya nyumba mpaka inafura. Hapo kuna mawili. Ama ule uvimbe unabana njia na damu haipiti vizuri, ama damu inaganda pale kwenye mchaniko, kipande kinakatika na kusafiri na mkondo mpaka ubongoni, kikaziba. Hicho ndicho kiharusi, ile stroki tunayodhani ni ya wazee wenye presha peke yao.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mshipa ukichanika si lazima uanguke hapo hapo. Unaweza kulipa, ukapanda bodaboda, ukala chapo madondo, ukalala. Dalili zinaweza kuja baada ya saa kadhaa, ama siku kadhaa, hata wiki. Ikifika hapo nani atakumbuka kinyozi wa Jumamosi?

Kabla mseme nimetoa haya kwa kichwa changu, angalieni. Mwaka 1993 daktari wa neva huko New York, Michael Weintraub, aliandika kuhusu wanawake watano waliopata matatizo ya kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo ikiwa imelazwa nyuma kwenye sinki. Watano! Na hakuna aliyewapinda kwa nguvu, shingo zililala vibaya tu. Mwaka 2016 mwanamitindo Katie May alikufa Marekani akiwa na miaka 34. Shingo ilikuwa inamuuma, akaenda kwa mtaalamu wa kunyoosha viungo. Ripoti ya uchunguzi wa kifo ilisema mshipa wa nyuma ya shingo ulichanika kutokana na hiyo kazi ya shingo. Mwaka 2022 madaktari huko huko Marekani waliandika kisa cha mwanamke wa miaka 27 ambaye mshipa wake ulichanika baada ya kutumia mashini ya bastola shingoni kwa wiki kadhaa. Na mwaka 2024 magazeti ya India yaliripoti kijana wa miaka 30 kutoka Ballari aliyepata kiharusi baada ya kinyozi kumfanyia masaji ya kichwa na kumpinda shingo. Kinyozi wa kawaida tu wa mtaani, kama wetu.

Lakini tuwe wakweli, maana sitaki mtu atoke hapa akikimbia kila kitaulo cha moto. Jambo hili ni nadra. Mishipa hii huchanika kwa watu wawili ama watatu hivi kati ya kila watu 100,000 kwa mwaka, na hiyo ni kwa sababu zote: ajali, michezo, ugonjwa wa kurithi unaolegeza kuta za mishipa, na mara nyingine bila sababu yoyote inayoonekana. Shirika la Moyo la Marekani liliangalia utafiti uliokuwepo mwaka 2014, likasema uhusiano kati ya kupindwa shingo na mchaniko upo, ila haijathibitishwa kwamba kupindwa ndiko chanzo kila mara. Kwa nini? Kwa sababu mtu anaweza kuwa tayari mshipa wake umechanika kidogo, dalili ya kwanza ikiwa maumivu ya shingo, na hayo maumivu ndiyo yanampeleka kutafuta masaji.

Wengine wakisikia hivyo wanasema, "Si unaona, masaji haina makosa." Mimi naona kinyume. Shingo inayouma ndiyo ile tunayompelekea kinyozi! Hakuna anayeketi na kusema, "Bro, shingo yangu iko poa, ipinde." Tunasema, "Nimelala vibaya, nitoe hii kitu." Yani mwenye hatari kubwa zaidi ndiye anayeomba huduma, na anayemhudumia hana njia ya kujua kilicho ndani.

Halafu kuna hesabu ya vijana. Ukichukua viharusi vyote duniani, mchaniko wa mishipa ya shingo unasababisha kama asilimia 2 tu. Ukiangalia vijana na watu wa makamo peke yao, unakuwa kati ya asilimia 10 na 25. Huu ni ugonjwa wa rika letu.

Jibu ninalopata kila nikiongea haya ni moja: "Mimi nimepindwa miaka kumi na niko hapa." Sawa. Kuna watu wameteremka kona za Wundanyi na bodaboda yenye breki mbovu mara mia, na mara mia wamefika Mwatate salama. Hiyo haifanyi breki mbovu kuwa breki nzuri. Swali ni unapata nini kwa kujihatarisha. Ile "ka!" ni mapovu ya hewa kwenye maji ya viungo. Haimaanishi mfupa umerudi mahali pake, wala sumu haijatoka. Unafuu wa dakika ishirini, basi.

Jibu la pili: "Sasa ufisioterapia si ni hiyo hiyo?" Hapana. Kenya ina sheria ya wanafisioterapia ya mwaka 2014, na baraza lake la kuwasajili. Mtu amesoma miaka. Kabla hajakugusa anakuuliza: kichwa kinauma wapi, umepata kizunguzungu, uliwahi kuanguka, una presha? Majibu yakimtia wasiwasi, hakugusi, anakutuma kwa daktari. Kinyozi anakuuliza kama unataka fedi ama boksi.

Na hapa ndipo naongea na watu wa Taita Taveta hasa. Kiharusi ni mbio dhidi ya saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza upigwe picha ya kichwa, sitii skani, kuhakikisha hakuna damu inayovuja ndani. Sasa piga hesabu ya kwetu. Kutoka Taveta mpaka Voi ni zaidi ya kilomita 100. Kutoka Voi mpaka Mombasa, kwenye Hospitali Kuu ya Pwani, ni kama 150 hivi, na barabara imejaa malori. Hiyo ni kama umeamua mara moja. Sisi hatuamui mara moja. Kijana wa miaka 22 akianza kuyumba na kuongea kama ulimi umevimba, wa kwanza atasema amelewa. Wa pili atasema ni malaria. Shangazi atasema alale kidogo. Jioni mtu mwingine atanong'ona kwamba amerogwa. Saa nne na nusu zimeisha bado tunatafuta mchawi.

Kwa hivyo shikeni dalili hizi, hata kama mengine yote mtasahau. Maumivu mapya ya shingo ama kichwa, hasa upande mmoja, ambayo hujawahi kuyasikia hivyo. Kizunguzungu kikali, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutembea sawa. Kope moja kuanguka, na mboni ya jicho hilo kuwa ndogo kuliko ya pili. Kushindwa kumeza. Mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama. Ukiona lolote kati ya haya, hasa baada ya shingo kuguswa ama kugongwa, usilale, usinywe Panadol kusubiri kesho. Nenda hospitali sasa hivi, angalia dalili zilianza saa ngapi, na umwambie daktari wazi: "Shingo yangu ilipindwa." Hilo sentensi moja linaweza kumwonyesha mahali pa kutafuta.

Vinyozi, siwachukii. Nina rafiki kinyozi, na aliniambia ukweli: wateja ndio wanadai. Ukikataa wanasema huduma yako ni baridi, wanahamia mlango wa pili, na ile hamsini ya asante inaenda nao. Nimemwelewa. Lakini suluhisho ni rahisi: masaji ya mabega na mgongo wa juu, kwenye nyama, kwa mkono laini. Kitaulo cha moto usoni. Mashini isipite juu ya mabega. Kichwa kisipindwe, hata mteja akiomba. Mkiandika hivyo ukutani kinyozi zote za mtaa, hakuna atakayehama, atahamia wapi? Na kaunti, ambayo haisahau kuja kuuliza leseni, inaweza pia kutuma afisa wa afya aongee na vinyozi na wasusi nusu siku. Haigharimu pesa nyingi.

Wasusi pia, na dada zangu wa saluni: ukimlaza mteja kwenye sinki, weka taulo nene chini ya shingo, na akisema anasikia kizunguzungu mwinue. Usimwambie avumilie kidogo umalize.

Mwisho ni sisi tunaotengeneza video. Zile za kupinda shingo zinapata watazamaji kuliko chochote. Maiki inawekwa karibu na shingo ili mlio usikike vizuri, mtu anajifanya amezimia, tunacheka. Nimeshaombwa nirekodi moja, nikakataa, na nitaendelea kukataa. Hatujui ni mtoto gani wa fomu tatu ataiona halafu amjaribu mwenzake bwenini usiku.

Wikendi hii ukienda kunyolewa, mkono ukikaribia kidevu chako, sema maneno matatu tu: "Bosi, shingo hapana." Watacheka. Waache wacheke.