Si Kila Punje ni Mbegu

Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kazi ya mavuno. Ngano hukatwa, hupurwa, hupepetwa, kisha huchambuliwa. Mahindi huvunjwa, huanikwa, halafu hupukuchuliwa. Kwa mwanaisimu, wingi huo si pambo. Kila kitenzi ni kituo, na katika kila kituo palikuwa na mtu aliyetazama alichoshika mkononi akaamua: hii ni ya kula, hii ni ya kupanda.

Leo, katika mashamba makubwa ya Narok na Uasin Gishu, vitenzi hivyo vimemezwa na kimoja. Kombaini hupita mara moja tu, ikakata, ikapura na kupepeta. Sina ugomvi na mashine hiyo. Mvua inaponyemelea, hakuna mikono iwezayo kuokoa ekari mia za ngano kwa siku chache. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba kila punje itokayo tumboni mwake ni mbegu.

Ndugu yangu mkubwa ni mkulima wa ngano. Mwaka mmoja aliweka akiba ya magunia machache yaliyovunwa kwa kombaini ya kukodi. Ngano ilikuwa safi, hata nami niliisifu. Alipoipanda, ikaota kwa mabakamabaka. Aliilaumu mvua, akaulaumu udongo, na hatimaye akawalaumu ndege. Hakuna aliyeishuku mashine.

Yafaa tuitazame mashine hiyo kwa ndani. Mna ngoma yenye vyuma inayozunguka kwa kasi karibu na wavu wa chuma uliopinda. Masuke hupita katikati yake, yakagongwa hata punje zikabanduka. Punje iliyo mbichi bado hupondeka, na iliyokauka kupita kiasi hupasuka. Maharagwe, kwa mfano, unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 12, hupasuka kwa urahisi mno.

Baya zaidi ni jeraha lisiloonekana. Kiinitete cha ngano kimekaa kwenye ncha moja ya punje. Cha haragwe kimelala chini ya ganda jembamba. Kikigongwa, punje yaweza kubaki nzima machoni petu, nayo ikapikwa na kuliwa bila taabu. Lakini ikipandwa haioti, au huota mche dhaifu. Mche wa haragwe lililojeruhiwa waweza hata kuchomoza bila ile ncha ya juu inayotoa majani. Aidha, kombaini ya kukodi hutoka shamba hili hadi lile, na isiposafishwa hubeba mabaki ya aina nyingine za ngano pamoja na mbegu za magugu.

Wanaozalisha mbegu kwa biashara wanalijua jambo hili. Mbegu za mahindi aghalabu huvunwa zikiwa kwenye magunzi yake, zikakaushwa taratibu, ndipo zikapukuchuliwa kwa uangalifu. Yaani wao wamevirudisha vile vitenzi! Tena mbegu zinazoidhinishwa kuuzwa hukaguliwa na KEPHIS, shirika lililoundwa mwaka wa 1996. Lakini gunia lililo ghalani kwa ndugu yangu halipimwi na mtu.

Hapo ndipo shule inapohitajika. Somo la Kilimo hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hufaulu mtihani, kisha akarudi nyumbani asiweze kumweleza babake, kwa lugha wanayosemezana, kwa nini punje nzima imekufa. Elimu ya namna hiyo huishia kwenye karatasi.

Nawasihi walimu wajaribu jambo moja lisilo na gharama. Kila mwanafunzi alete kutoka nyumbani punje 100 zilizochotwa bila kuchaguliwa. Aziviringishe katika kitambaa chenye unyevu, asikiache kikauke, na baada ya siku 8 azihesabu zilizoota vyema. Zikiwa 90, mzazi apande kwa moyo mkunjufu. Zikiwa 60, ajue mapema, kabla hajapoteza mbolea, jasho na msimu mzima. Walinganishe pia punje zilizopurwa kwa mashine na zilizopurwa kwa mkono kutoka shamba lilo hilo. Somo hilo hawatalisahau.

Naye mkulima anayejiwekea mbegu atenge sehemu yake tangu ngano ingali shambani. Sehemu hiyo aipure kwa mkono akiweza. Asipoweza, amtake mwenye kombaini aisafishe kwanza, apunguze kasi ya ngoma na kuipa nafasi zaidi, na avune nafaka ikiwa si mbichi wala haijakauka kupindukia.

Mashine imetupunguzia kazi ya mikono, na tuishukuru. Kazi ya kuchagua haikuichukua. Sisi ndio tuliyoiacha. Wahenga walisema mtu huvuna alichopanda. Aliyepanda maiti atavuna nini?