Fumbo Halifungiwi Getini
Na Zuhura Mshangama

Kitendawili! Tega. Ukishindwa unampa mtegaji mji, naye anakupa jibu. Mwaka 2025 fumbo la mchongaji wa Marekani, Jim Sanborn, lilitolewa mji wa zaidi ya dola 900,000. Hizo ndizo zilizolipwa mnadani kwa jibu la sehemu ya nne ya maandishi ya fumbo yaliyo kwenye sanamu yake ya Kryptos, herufi 97 tu. Na kabla mnada haujafika, watu wawili walikuwa wameshalikuta jibu lenyewe kwenye karatasi zake zilizohifadhiwa Smithsonian.

Wengi waliisikitikia siri. Mimi nasikitikia mahali. Kryptos, bamba la shaba lililopindapinda na kutobolewa herufi, limesimama tangu 1990 ndani ya makao makuu ya CIA, Langley, Virginia. David Stein alifumbua sehemu tatu za kwanza mwaka 1998 kwa penseli na karatasi, lakini yeye alikuwa mfanyakazi wa humo humo. Sisi wengine getini hatupiti. Inauma zaidi ukijua kwamba sehemu ya pili inadokeza kitu kilichozikwa, kisha inataja nyuzi, dakika na sekunde za mahali, kaskazini na magharibi. Unaambiwa pa kwenda, halafu unazuiwa kwenda.

Wacheza jiokeshingi, mchezo wa kusaka kopo lililofichwa kwa kufuata vipimo vya GPS, wana desturi bora. Mei 2, 2000, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza vipimo vya mahali kwenye intaneti: atakayeiona achukue kitu, aache kitu. Mwaliko ulikuwa wa yeyote mwenye kifaa na miguu.

Penye sanamu si rahisi kuficha kopo, wala kanuni za mchezo haziruhusu kuchimba shimo bila idhini ya mwenye ardhi. Basi kuna vituo visivyo na kopo kabisa: unafika, unatazama, unajibu swali ambalo jibu lake liko hapo hapo. Anayejiandikisha kuwa amefika ilhali yuko sebuleni kwake huwaudhi wenzake, na wana haki ya kuudhika.

Ningepewa kutunga swali la namna hiyo, ningelipeleka chuo kikuu cha Charlotte, North Carolina, kwenye sanamu nyingine ya Sanborn. Ni mcheduara wa bronzi uliotobolewa herufi za Kirusi kila upande. Mchana utaona metali yenye matundu. Giza likiingia taa ya ndani inawaka, na maandishi yanatapakaa chini, yanapanda ukutani, yanampitia mtu kifuani na usoni akikatiza njia. Fumbo lake lilifumbuliwa mwaka 2003, na ndani mkakutwa maneno ya kijasusi ya KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, yakimtaja hadi Sakharov, mwanafizikia aliyeipinga serikali hiyo. Jibu linajulikana, na bado kuna sababu ya kwenda: kusimama katikati ya mwanga ule na kuona lugha ya wapelelezi ikikuandika mwilini ni jambo ambalo karatasi ya majibu haiwezi kukupa.

Swali langu lingekuwa hili: simama upande wa kaskazini baada ya jua kutua, utaje herufi iliyoangukia kiatu chako. Na CIA nawaomba wafungue ua wao walau siku moja kwa mwaka, watu waingie na vifaa vyao, wafuate zile nyuzi na dakika mpaka zinapoishia.