Fizikia ya nadharia si anasa

Februari 1980, huko Grenoble, Ufaransa, mwanafizikia Klaus von Klitzing alipima ukinzani wa umeme katika tabaka jembamba la elektroni ndani ya silikoni, kwenye baridi kali na sumaku yenye nguvu. Vipimo vilitua kwenye ngazi zilezile: omu 25,812.8 zikigawanywa kwa namba kamili, hata silikoni ilipokuwa na dosari. Mwaka 1982 mwanafizikia wa nadharia David Thouless na wenzake walieleza sababu: namba hiyo kamili ni ya kitopolojia, kama idadi ya matundu katika umbo. Chapati huvutwa na kukunjwa, lakini haipati tundu mpaka itobolewe. Vivyo hivyo, uchafu mdogo hauibadili namba hiyo.

Wapo wanaosema nadharia za aina hii ni anasa kwa nchi zenye uhaba wa madawati. Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Lakini tangu Mei 20, 2019, kilo haifafanuliwi tena kwa kipande cha metali kilichotunzwa karibu na Paris, na mizani maalumu inayoipima kwa umeme hutegemea ukinzani uleule wa von Klitzing. Hakuna aliyeagiza utafiti ule kwa ajili ya mizani. Vyuo vikuu vyetu vinapobana bajeti, fizikia ya nadharia isiwe ya kwanza kukatwa: inahitaji walimu, vitabu na muda, si maabara za mabilioni.