Usiniulize Tumesajili Nani

Kila Julai Rujewa nzima huwa kocha. Mpunga umeshavunwa, mashine za kukoboa zinanguruma kutwa, vijisenti vimeingia mfukoni, na kila kijiwe kina kikosi chake. Bodaboda anakupangia safu ya ulinzi ya Yanga huku akisubiri abiria. Muuza chipsi anakuapia kwamba winga mpya wa Simba ni hatari, "we ngoja uone", na ukimuuliza amemwona wapi anakuonyesha video ya sekunde 40 kwenye simu. Ligi haijaanza. Hakuna aliyefungwa wala aliyekosa penalti. Kwa mwezi mzima kila timu ni bingwa.

Nataka kugombana na watu wawili kuhusu mwezi huu. Wa kwanza ni yule anayewacheka mashabiki. Wa pili ni yule anayewauzia mashabiki matumaini yao wenyewe. Ukiwatazama juu juu utadhani ni maadui, ila kazi yao ni moja: wote wanataka shabiki abaki mtu wa kelele, asije akawa mtu wa kuuliza.

Nianze na anayecheka, maana huyu ni wa kwetu, msomaji wa vitabu. Utamsikia akisema: watu hawana maji ya bomba, wanabishania winga wa kushoto. Afyuni ya umma, eti. Akishasema hivyo anarudi kwenye riwaya yake kumlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Hebu tuulizane kwa upole, tofauti iko wapi? Wewe ukifungua ukurasa wa kwanza unamkopesha mwandishi imani yako kabla hajaifanyia kazi. Shabiki naye anaikopesha timu imani yake kabla mpira haujapigwa. Tena yeye ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mbele yake kaketi mtani wake anayemjibu papo hapo, na kijiwe kizima kinasubiri kumcheka akijikwaa. Shuleni tulifundishwa kwamba majigambo ni kipera cha fasihi simulizi, tukapewa mifano ya mashujaa wa zamani waliojitapa kwa mikuki na ng'ombe. Mwalimu angetupeleka stendi mwezi Julai tungeelewa kwa dakika tano.

Wala si kweli kwamba matumaini hayo hayana mizizi. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna sababu zetu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu iliyokuwa imetoka tu kupanda daraja, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Mtu ambaye kabla ya msimu ule angesema Banyambala watakuwa mabingwa angeambiwa apelekwe kwa mganga, na angekuwa amesema kweli tupu. Msimu wa 2013/14 Mbeya City waliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza nafasi ya tatu. Kwa hiyo mzee anayesema "hawa vijana watatushangaza" si kwamba akili zimemruka. Anakumbuka.

Kwa hiyo anayecheka na aendelee kucheka, sina shida naye sana. Shida yangu kubwa ni muuzaji.

Hapa nawaweka wenzangu wa vyombo vya habari pamoja na maafisa habari wa klabu. Simba Day ilianza mwaka 2009. Yanga wakajibu kwa Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Zenyewe kama sherehe ni nzuri: uwanja unajaa, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja kama maharusi. Kinachochosha ni zile wiki za kabla yake, ambapo kila anayeshuka uwanja wa ndege ni "chuma", ni "mashine", ni "balaa", hata kama alikotoka alikuwa akikalia benchi. Agosti 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba kwa miaka, alihamia Yanga. Sauti ikawa ileile, majigambo yaleyale, jezi tu ndiyo iliyobadilika. Simlaumu, msanii wa majigambo hulipwa kwa majigambo. Nashangaa sisi waandishi tunaoyachukua majigambo hayo jioni na kuyachapa asubuhi kama habari.

Tazama Julai ya 2024. Tarehe 28 Yanga waliifunga Kaizer Chiefs mabao 4-0 kule Bloemfontein, Afrika Kusini, na vijiweni Afrika nzima ikawa imeshatekwa. Novemba wakafungwa na Azam, siku chache baadaye Tabora United wakawapiga 3-1, na kocha Miguel Gamondi akaonyeshwa mlango. Januari wakaishia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mwisho wa msimu wakachukua tena ubingwa wa nchi! Simba nao, ambao Julai hiyohiyo walikuwa kambini Ismailia, Misri, na kikosi kipya na kocha mpya Fadlu Davids, waliukosa ubingwa wa nyumbani lakini wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sasa niambie, Julai ilitabiri nini? Hakuna. Na hilo lingekuwa jambo la kucheka tu tukaendelea na chai, kama kelele za usajili zisingekuwa zinafunika jambo lingine.

Jambo hilo lilitokea hapahapa wilayani Mbarali.

Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates pale Ubaruku, Ihefu iliifunga Yanga 2-1. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakubwa wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko walishindwa kuizuia, ikaja kuzuiwa katikati ya mashamba ya mpunga. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga wakarudi palepale, wakafungwa 2-1 tena. Mbarali imejaa watu wa Yanga, na kwa wengi wao siku zile zilikuwa msiba na harusi katika nyumba moja. Timu yenyewe ilibeba jina la ardhioevu yetu ya Usangu, maji yanayoulisha Mto Ruaha Mkuu. Mtangazaji akisema "Ihefu" redioni, nchi nzima ilikuwa inatamka jina la mahali petu, hata kama haikujua.

Katikati ya msimu huohuo wa 2023/24, Ihefu ikahamishia mechi zake za nyumbani uwanja wa Liti, Singida. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, jina nalo lilikuwa limeshaondoka. Timu ikaitwa Singida Black Stars. Msimu huo ilimaliza ligi katika nafasi ya nne na kucheza fainali ya Kombe la CRDB dhidi ya Yanga. Hongera zao, na watu wa Singida sina ugomvi nao, kwa sababu wao pia wanaujua uchungu huu: Singida Fountain Gate iliondoka mkoani kwao, ikalitua jina la Singida njiani na kubaki Fountain Gate.

Sisemi sheria imevunjwa. Nasema timu iliyomfunga bingwa mara mbili nyumbani kwetu iliondoka kama mpangaji anavyohama, na sisi tuliokuwa tukiiita "timu yetu" hatukuwa na hata karatasi moja ya kushika mkononi na kusema subiri kwanza.

Rudi sasa kwenye Julai ya 2023, kabla ya hayo yote. Swali lililotawala vijiwe na redio lilikuwa lipi? Lilelile la kila mwaka: tumesajili nani? Kipa gani anakuja, mshambuliaji gani anaondoka, kambi iko wapi. Maswali matamu. Ila hakuna hata moja kati yake ambalo jibu lake lingeizuia timu kuhama.

Ajabu ni kwamba anayeuliza swali hilo ni mkulima. Mkulima huyuhuyu, linapokuja suala la mpunga, humdanganyi. Mwambie kuna jaruba la kukodi, uone atakavyokuhoji. Ni la nani? Unanikodisha msimu mmoja au mitatu? Mwenyewe akilitaka katikati ya kilimo inakuwaje? Zamu ya maji ya mfereji iko lini? Mbegu ni swali la mwisho, kwa sababu anajua hata SARO 5 iwe nzuri vipi, ukiipanda kwenye jaruba ambalo kesho mwenyewe anaweza kukutoa, umemlimia mwenzio. Mtu huyo anayeogopa kutia kilo kumi za mbegu kwenye ardhi isiyoeleweka, akifika kwenye mpira anatia moyo wake wote bila kuuliza mwenye shamba ni nani.

Najua jibu nitakalopewa. Wataniambia: bila fedha za tajiri Ihefu isingeionja Ligi Kuu, mngebaki na ndondo zenu. Kweli kabisa. Ligi ni ghali: mishahara, kambi, safari za kutoka huku hadi Kagera. Mtu akitoa fedha zake ana haki ya kuamua mambo mengi. Lakini hata yeye alikuwa anatumia kitu chetu. Jina lilikuwa letu. Umati uliojaza uwanja ulikuwa wetu. Hofu aliyokuwa nayo mgeni akishuka Ubaruku tuliitengeneza sisi. Vitu hivyo vina thamani, na mtu akivitaka ana haki ya kuulizwa atavirudisha vipi.

Na inawezekana kuuliza. Uingereza, mwaka 2002, klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, mji mwingine kabisa. Mashabiki hawakukaa kujadili usajili wa timu iliyowakimbia. Walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakaita wachezaji waje kufanyiwa majaribio kwenye uwanja wa wazi wa mtaani, na Julai wakacheza mechi yao ya kwanza ya kirafiki dhidi ya Sutton United. Walifungwa 4-0, na watazamaji zaidi ya 4,000 walikuwepo. Timu ikaanzia madaraja ya chini kabisa, na mwaka 2011 ikaingia ligi ya kulipwa ya Uingereza. Ile pia ilikuwa Julai yenye matumaini, tena makubwa kuliko yetu. Tofauti ni kwamba waliojaa pale walikuwa wanajua timu ni ya nani.

Usiseme Uingereza ni mbali. Mbeya ni hapo tu. Mbeya City ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji. Mwaka 2023 ilishuka daraja, watu wakalia, ikakaa chini misimu miwili, na mwaka 2025 ikapanda tena ikiwa na jina lake, mjini kwake. Kushuka daraja si kifo. Shabiki wa Mbeya City alijua anamsubiri nani.

Kwa hiyo nataka Julai iendelee. Jitapeni, tanianeni, nunueni jezi kwa hela ya mpunga. Ila siku timu nyingine itakapopanda kutoka Mbarali, au Iringa, au Njombe, na mwenyeji wake akaja kutuomba tujaze uwanja, kabla ya "tumesajili nani" naomba tumuulize mambo matatu. Mmiliki ni nani, na wananchi wana sauti gani ndani yake? Ameahidi kwa maandishi kucheza hapa kwa miaka mingapi? Akiuza, jina na rangi vinabaki kwa nani? Halmashauri, ambayo hufurahia kupiga picha na wachezaji siku ya kupanda daraja, iyaulize maswali hayo kabla ya kupiga picha.

Na sisi wa kalamu tuna deni letu. Uhamisho wa beki mmoja kutoka Kinshasa huandikwa kwa wiki tatu, kila siku na picha mpya. Uhamisho wa timu nzima, na jina la bonde zima, uliandikwa kama taarifa ya mabadiliko ya uwanja. Sijawahi kukutana na simulizi hata moja iliyochapishwa kuhusu alasiri ile ya Novemba 2022 kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa jukwaani Ubaruku, na watu hao wapo, wanalima, wanapita barabarani hapa. Mnaolalamika kwamba fasihi yetu imekosa visa, chukueni gari mshuke Igawa.

Timu ikishuka, tutaisubiri. Ikihama na jina likafutwa, hata wa kumsubiri hayupo. Ndiyo maana Julai hii ukikutana nami barabarani, usiniulize tumesajili nani. Niulize timu ni ya nani, tukae tuongee.